Fundi, Weka Chini Hiyo Flashi! Kompyuta Ina Homa, Haina Virusi

Haya, wasomaji wangu. Niliahidi kwamba wiki hii tungezungumza juu ya hifadhidata, lakini hifadhidata itangoja. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nataka tuseme ukweli kuhusu ugonjwa mmoja ulioenea mitaani kwetu kuliko virusi vyovyote: ugonjwa wa KUFOMATI. Kompyuta imekuwa nzito? Fomati. Haifungui intaneti? Fomati. Inajizima katikati ya kazi? Fomati. Siku moja mtu atapeleka kompyuta iliyopasuka kioo aambiwe, "Tuifomati kwanza halafu tuone."

Nasema hivi, na anayebisha abishe: kompyuta inayojizima ghafla, bila ujumbe, bila onyo, isifomatiwe mpaka joto la prosesa yake lipimwe. Anayefomati kabla ya kupima hatengenezi kitu. Anafuta ushahidi, na mara nyingi anafuta mali ya mtu pamoja nao.

Ngoja niwasimulie kilichonifikisha hapa.

Ninakaa Mwiki. Ukiwaambia watu wa Nairobi Mwiki, wao hufikiria ile ya Kasarani. Kuna na yetu hii, wadi ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, huku karibu na Mwihoko na Githurai 45. Barabara nyingi za ndani ni za murram. Kiangazi cha kuanzia Januari, lori la mawe likipita unafunika kikombe cha chai kwa mkono. Nyumba zinajengwa kila upande, kwa hiyo juu ya vumbi la barabara ongeza la mawe yanayochongwa na la saruji. Shikeni hilo neno vumbi, tutalirudia.

Karibu na steji kuna mama mmoja mwenye saiba. Mashine nne, printa moja, na kibanda cha mabati kinachotazama barabara. Mtaa mzima humkimbilia mwezi wa Juni, kwa sababu ritani za KRA za mtu binafsi mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na sisi Wakenya tunajijua: siku yetu ya kwanza ya kufanya jambo ni siku ya mwisho.

Juni mwaka jana alinipigia simu. "Kijana wangu, ile mashine yangu kubwa inazima yenyewe. Naandika vizuri tu, halafu pap! Giza."

Nilikuwa nimekazana na kazi ya mteja. Sikumwuliza hata swali moja. Nilimjibu, "Hiyo ni Windows imeharibika, Mama. Peleka kwa fundi akufomatie." Nikakata simu. Mazungumzo hayakufika nusu dakika. Mimi, mtu anayekula kwa kuandika programu, mtu anayewakaripia vijana kazini wakirekebisha kosa kabla ya kulielewa, nilitoa dawa bila kumwona mgonjwa.

Akapeleka. Fundi alimwuliza kama kuna kitu cha muhimu ndani. Mama akasema vitu vyake viko kwa flashi, akimaanisha picha za pasipoti za wateja. Hakujua kwamba daftari la chama, ambalo amekuwa akiliandika kwa Excel tangu 2016 akiwa mweka hazina, na ambalo hulifungua pale pale mbele mara tu Windows ikiwaka, limekaa ndani ya C. Na C ndiyo inayofagiliwa. Fundi akafagia, akaweka Windows mpya, akalipwa shilingi 1,000.

Siku mbili baadaye, pap! Giza. Akarudi kwa fundi. Sasa akaambiwa madabodi imekufa, atafute nyingine, au afadhali anunue mashine mpya kabisa. Ndipo alipoipakia kwa boda boda akaniletea nyumbani.

Niliiwasha, lakini sikuiacha iingie kwenye Windows. Niliingia BIOS, kwenye ule ukurasa unaoonyesha joto na mwendo wa feni, nikaiacha hapo. Nyuzi 70. Nyuzi 82. Nyuzi 91. Dakika nne tu, nyuzi 96, halafu kimya. Ikajizima mbele ya macho yetu wawili, na Windows ilikuwa bado haijaamka kitandani.

Nikafungua ubavu wa kasha. Jamani! Kati ya feni na lile pande la alumini lenye mapezi kulikuwa na blanketi. Sisemi vumbi, nasema blanketi la kijivu lililoshikana, ukilivuta linatoka vipande kama pamba ya godoro. Halafu nikaona jambo la pili: pande lenyewe la kupoozea linashikiliwa na pini nne za plastiki, na moja ilikuwa imechomoka. Kwa hiyo lilikuwa limeinuka upande mmoja, halijaigusa prosesa sawasawa. Pesti ya katikati ilikuwa imekauka kama matope ya Septemba.

Brashi, blowa, spiriti, pesti mpya, pini ikarudishwa mahali pake. Dakika 40 pamoja na chai. Nikaipa kazi nzito kwa nusu saa: nyuzi 64, haikupanda zaidi. Madabodi "iliyokufa" inafanya kazi hadi leo ninapoandika haya.

Mama alifurahi. Halafu akauliza, "Kijana wangu, na kitabu cha chama?"

Nilijaribu. PhotoRec ni programu nzuri na ni ya bure, inaweza kuchimbua faili zilizofutwa kwenye diski ya kuzunguka, lakini huzirudisha bila majina yake, na pale ambapo Windows mpya imeandika juu hakuna cha kuchimbua. Nilipitia mamia ya faili za Excel usiku mbili. Nikapata nakala ya zamani ya daftari, ya miaka miwili nyuma. Miaka miwili ya michango ya wanawake 18 haikuwepo. Wakaanza kuijenga upya kutoka kwa jumbe za M-Pesa kwenye simu za kila mmoja, na aliyebadilisha simu hana jumbe. Wako wanaosema walilipa na hakuna pa kuonyesha. Watu waliokuwa wakizikana na kuoanishana sasa wanatazamana kwa jicho la pembeni, kwa sababu ya pini moja ya plastiki na maneno yangu ya nusu dakika.

Ndiyo maana nina hasira.

Sasa tuelewane kuhusu joto lenyewe, kwa sababu watu wengi hulichukulia kama jambo dogo. "Ah, kompyuta lazima ipate moto kidogo." Kidogo? Tufanye hesabu. Mashine ya Mama ni mtumba kutoka Ulaya, ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, aina ya 4570, iliyotoka 2013. Intel wenyewe wanasema ipangiwe kuondolewa wati 84. Hizo wati 84 zinatoka kwenye kipande cha silikoni chenye milimita mraba 177, yaani kama ukucha wa kidole gumba. Gawanya: karibu wati 47 kwa kila sentimita mraba. Sasa chukua pasi ya nguo ya wati 1,000 yenye bamba la sentimita mraba 200 hivi. Hiyo ni wati 5 kwa kila sentimita mraba. Kwa hiyo ndani ya kasha lako kuna kitu kinachosukuma joto kwa kila sentimita mara tisa zaidi ya pasi, na wewe umelifunika kasha hilo kwa kitambaa cha kufuma chenye maua!

Joto hilo lina njia moja tu ya kutoka. Kutoka kwenye prosesa lipite kwenye pesti, liingie kwenye alumini au shaba, lisambae kwenye mapezi, lichukuliwe na upepo wa feni, litoke nje ya kasha. Ni kama mbio za kupokezana vijiti: mmoja akianguka, timu nzima imeshindwa. Vumbi linauangusha upepo. Pini iliyochomoka inaiangusha pesti. Na sisi wa huku juu tuna shida ya ziada ambayo watu wa Mombasa hawana. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ile ile, ikizunguka mwendo ule ule, inabeba hewa pungufu. Wa Mombasa nao wasicheke, wana joto na chumvi yao.

Kuhusu pesti kuna uongo mwingi, kwa hiyo nitaeleza polepole. Hewa ni mpitishaji mbaya sana wa joto: kipimo chake ni kama 0.026. Alumini inazidi 200, na shaba ni karibu 400. Pesti ya kawaida iko kati ya 1 na 10. Umeona? Pesti si nzuri kuliko chuma, iko mbali chini yake. Kazi yake ni kujaza vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, ili hewa isikae hapo. Basi. Kwa hiyo anayepaka pesti kama siagi kwenye mkate anaweka ukuta mahali pa daraja. Na wewe unayetumia dawa ya meno, ndiyo, nakujua: siku ya kwanza inafanya kazi kwa sababu ina maji. Maji yakikauka umebaki na chokaa.

Msidhani hili ni tatizo la watu maskini wa mitumba. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ambayo wapenzi wa kompyuta wa zamani bado wanaikumbuka: waliondoa kipoozeo juu ya prosesa zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ilijipunguza mwendo ikaendelea kutembea. Athlon za AMD za wakati ule ziliungua moja kwa moja. Mwaka 2004 Intel walifuta mradi mzima wa prosesa iliyoitwa Tejas, kwa sababu mbio za kuongeza gigahazi zilikuwa zimegonga ukuta wa joto na umeme. Ndiyo sababu leo tuna prosesa zenye viini vingi badala ya kiini kimoja chenye kasi ya ajabu. Kama joto liliwafanya Intel wabadilishe njia, ni nani aliyetuambia kwamba kibanda cha mabati kando ya barabara ya murram kimelishinda?

Na tangu siku hizo prosesa zimefundishwa kujilinda. Hii ya Mama ikifika nyuzi 100 hivi inajipunguza kasi yenyewe. Ndipo mteja analalamika, "Mashine imekuwa nzito," na sisi tunasema virusi. Joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, mashine inakata umeme kabisa ili isiungue. Tafadhali elewa maana yake: kule kuzima ndiyo tiba ya dharura, ni mashine inajiokoa. Halafu sisi tunaiadhibu kwa kuifuta kumbukumbu.

Sasa nasikia fundi mmoja akisema, "Lakini mimi nimefomati nyingi za aina hiyo na zikapona." Najua. Na nitakwambia kwa nini zilionekana zimepona. Kwanza, mashine ilikaa kwenye meza yako usiku kucha, ikapoa. Pili, ilisafiri kwa boda boda ikatikiswa, na vumbi lingine likadondoka lenyewe. Tatu, Windows mpya haijabeba kitu: hakuna programu zinazowaka pamoja nayo, hakuna kurasa 30 zimefunguliwa, kwa hiyo prosesa haitoi jasho. Ukaijaribu dakika kumi, ikakaa, ukasema imepona. Ikarudi kibandani, kwenye mabati ya saa nane mchana, ikapewa kazi yake ya kila siku, na baada ya siku mbili giza. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria maji baridi ya kuoga halafu ukasema homa imeshuka.

Tuwe waadilifu pia. Kuna wakati programu ndiyo inayoleta joto. Kuna programu za wizi zinazojificha na kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako, na prosesa inabaki asilimia 100 usiku kucha. Na si wezi peke yao. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mteja programu yenye mzunguko unaouliza "Kuna kazi? Kuna kazi? Kuna kazi?" bila kupumzika hata sekunde moja. Feni za ofisi nzima zililia kama nyuki. Lakini hata hapo dawa si kufomati. Unafungua Task Manager, unaona ni programu gani inakula prosesa, unaisimamisha, unatazama joto likishuka. Umejua mwizi kwa jina. Ukifomati hutajua kamwe, na kesho atarudi kupitia flashi ile ile.

Na kuna wakati si joto kabisa. Inaweza kuwa pawasaplai, au kapasita zilizovimba kwenye madabodi, hasa mashine za kati ya 1999 na 2007, miaka ambayo dunia nzima ilijaa kapasita mbovu. Hata wakubwa hupotea njia: prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 ziliwasumbua watu kwa miezi, michezo ikikatika na ujumbe ukidai kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, kumbe kadi haina kosa. Mwezi wa Julai 2024 Intel wakasema chanzo ni volteji iliyozidi, na Agosti wakatoa marekebisho. Somo ni lile lile. Ujumbe wa kosa unaweza kudanganya. Kipimo unaweza kukirudia mwenyewe.

Basi pimeni. Huu hapa utaratibu wangu, na hauhitaji shilingi moja:

1. Uliza maswali kwanza. Inazima ikiwa na kazi nzito au hata ikiwa imekaa tu? Ukiiwasha papo hapo inazima haraka zaidi, lakini ikipumzika nusu saa inadumu? Mchana inazima, alfajiri haizimi? Ukifungua ubavu wa kasha inadumu zaidi? Majibu ya ndiyo yakizidi mawili, joto ni mshukiwa wa kwanza.

2. Iwashe, ingia BIOS, tafuta ukurasa wa joto, iache hapo dakika 20. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. BIOS haijui Windows ni mdudu gani. Mashine ikijizima hapo, KUFOMATI HAKUWEZI KUSAIDIA, hata ukifomati mara saba kama kuta za Yeriko. Tatizo liko kwenye chuma au umeme. Namba zikipanda kabla ya kuzima ni joto. Zikikaa chini na bado inazima, nenda kwenye pawasaplai na kapasita.

3. Isipozima kwenye BIOS, weka Linux kwenye flashi, iwashe kutoka huko bila kugusa diski, andika amri ya sensors uone nyuzi. Kisha andika dmesg, utafute mstari unaosema joto limevuka mpaka na mwendo umepunguzwa. Unayebaki kwenye Windows, tumia HWiNFO au Core Temp. Kwa mashine nyingi za mezani, ikipumzika nyuzi 35 hadi 50 ni sawa, ikifanya kazi 60 hadi 80 ni sawa, na ikizidi 90 kwa kazi ya kawaida ya saiba, kuna neno.

4. Soma kumbukumbu kabla ya kuzifuta. Kwenye Event Viewer ya Windows utaona Kernel-Power namba 41. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuagwa, haitaji muuaji. Lakini saa zilizoandikwa hapo zinakuonyesha mtindo: kila siku mchana, kila baada ya dakika 15, na kadhalika. Fomati inafuta yote hayo.

Ukishajua ni joto, ukarabati ni kazi ya mikono safi na subira. Chomoa waya wa stima ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya umeme yaishe, gusa chuma cha kasha uondoe umeme wa mwilini. Toka nje, usipulizie vumbi ndani ya nyumba ya watu. Shika feni kwa kidole inapopulizwa, usiiache izunguke kama tiara. Lichomoe blanketi lililo CHINI ya feni, kati yake na mapezi, maana wengi hufuta juu wakaacha chini. Ukiondoa kipoozeo, kizungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kuvuta, hasa kwa mashine za AMD za soketi ya AM4, ambazo prosesa inaweza kung'oka nacho. Futa pesti ya zamani kwa spiriti safi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, rudisha pini kwa mshazari, moja na ya upande wa pili yake, usikie kila moja ikilia. Halafu chungulia nyuma ya madabodi uone zote nne zimetokeza. Mwisho, pima TENA. Usipopima tena hujatengeneza, umeosha tu.

Na mashine iinuliwe kutoka sakafuni. Iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kitambaa cha maua kipelekwe kwa sofa.

Sasa niwageukie wateja, maana hata nyinyi mna lenu. Mbona fundi anapenda kufomati? Kwa sababu ndiyo kazi mnayokubali kulipia! Mkiambiwa "nimeweka Windows mpya" mnatoa shilingi 1,000 bila kusita, sura ya kompyuta imebadilika, mmeona kitu. Mkiambiwa "nimeondoa vumbi nikarudisha pini" mnasema, "Hata mimi ningefanya hivyo, chukua mia moja." Fundi naye ana kodi ya kibanda na watoto wa shule. Mmemfundisha kwamba ujinga unalipa na uangalifu haulipi, halafu mnashangaa. Lipieni kupima. Mwulizeni fundi swali moja tu kabla hajagusa kitu: "Imefika nyuzi ngapi?" Akishindwa kujibu, beba mashine yako uende.

Na mafundi, sisemi nyinyi ni wezi. Ninawajua mafundi wa mtaani wanaobadilisha kapasita kwa mkono usiotetemeka, kazi ambayo mimi na vyeti vyangu siiwezi. Ndiyo maana inaniuma. Mtu mwenye mikono kama hiyo kujigeuza mashine ya kubonyeza "Next, Next, Finish" ni kujidharau. Na kama lazima ufomati, kopi kwanza C yote kwenye diski nyingine. Yote! Usimwulize mteja kama kuna kitu cha muhimu, kwa sababu mteja hajui vitu vyake vinakaa wapi. Wewe ndiye unayejua.

Hili litazidi kuwa kubwa sasa. Windows 10 iliachwa kupewa huduma za kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kama ya Mama hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kila mtu mwenye kompyuta ya umri huo ataambiwa, "Imezeeka hiyo, tupa." Nyingine kweli zimechoka. Lakini nyingi zimevaa blanketi tu, na zikisafishwa na kuwekewa Linux zitaandika barua na kujaza ritani kwa miaka. Msikubali kununua mashine mpya kwa sababu ya vumbi la zamani. Hiyo mpya nayo itakaa kwenye kibanda kile kile, kando ya barabara ile ile.

Mimi nimejiwekea sheria tangu Juni ile. Mtu akinipigia kuhusu kompyuta, ninauliza maswali matatu kabla ya kusema neno lolote la dawa. Nisipokuwa na nafasi ya kuuliza, ninasema, "Sijui, nitakupigia jioni." Neno "sijui" lingeliokoa kile kitabu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huwa naenda saibani na brashi yangu. Mama hunikaribisha chai, na hunilipa, kwa sababu nilikataa kufanya bure ili naye ajifunze kulipia brashi. Daftari la chama sasa lina nakala tatu, moja iko kwangu. Ile miaka miwili haijarudi.

Haya, nendeni mkafungue makasha yenu. Mkikuta blanketi, msinitafute mimi, tafuteni brashi. Tutaonana wiki ijayo kwa ile hifadhidata.